Jinsi ya Kumwangamiza Mfalme kwa Waigizaji Watatu

Kabla hujashika kalamu, tukubaliane kuhusu jina. Kiswahili kinauita mchezo wa aina hii tanzia, neno lile lile linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na watu wote wakaacha kutumiana vichekesho kwa siku tatu. Wagiriki wenyewe waliuita tragodia, yaani wimbo wa mbuzi, na hadi leo wasomi wanabishana kama mbuzi huyo alikuwa zawadi ya mshindi au kafara. Mimi naona sisi tumepata neno zuri zaidi. Tanzia inasema kuna habari mbaya, habari yenyewe imeshatokea, na yupo mtu ambaye bado hajaambiwa.

Huyo ambaye hajaambiwa ndiye mtaji wako.

Unazijua zile simu. "Njoo nyumbani, mama hajisikii vizuri." Mtu anapanda basi la usiku. Akishuka stendi anakuta amepokewa na wajomba wawili, heshima ambayo hajawahi kupewa tangu azaliwe. Mmoja anambebea begi. Anauliza kama mama amekula, anajibiwa, "Twende kwanza, tutaongea nyumbani." Ndani ya teksi anaanza kuwaeleza habari za daktari mmoja bingwa, anapiga hesabu ya kitanda cha hospitali, anasema kiwanja chake anaweza kukiuza. Dereva anajua. Mama muuza vitumbua pale njia panda anajua. Wajomba wanatazama dirishani. Yeye peke yake ndiye anayezungumzia kitanda, mpaka teksi inapokata kona na yeye mwenyewe anayaona maturubai.

Mfalme Oedipus, tamthilia ya Sophocles, ni safari hiyo hiyo ya kutoka stendi hadi kwenye maturubai, kwa mistari 1,530. Ukielewa hapo, kazi yote iliyobaki ni ufundi, na ufundi unafundishika.

Kwanza uwe mwanamume wa Athens, karne ya 5 KK. Hilo utajua mwenyewe utakavyolipata. Halafu nenda kwa arkoni, afisa mkuu wa mji, ukaombe kwaya. Hawakusema "kuomba nafasi" wala "kupeleka mswada". Walisema kuomba kwaya, maana kwaya ndiyo yenye gharama. Wanachaguliwa washairi watatu tu kwa sherehe za mungu Dionysus za kila masika, na kila mmoja analeta tamthilia nne: tanzia tatu na moja ya masihara. Ukikubaliwa, serikali inakutafutia tajiri wa kulipia mavazi, mwalimu wa ngoma na chakula cha wanakwaya kwa miezi ya mazoezi. Tajiri haombwi, anapangiwa. Yuko mmoja aliyejitetea mahakamani kwa kuhesabu mema aliyoutendea mji, na la kwanza alilolitaja ni drakma 3,000 alizolipia kwaya ya tanzia, wakati ambapo fundi mzuri alikuwa analipwa drakma moja hivi kwa siku. Kwa hiyo usimkasirishe tajiri wako. Mwaka 472 KK mshairi Aeschylus alipangiwa kijana mmoja wa ukoo wa heshima aliyeitwa Pericles, na walishinda pamoja. Kijana huyo baadaye alikuja kuutawala mji.

Sasa chagua maiti. Usitafute maiti mpya. Koo za kufaa zinahesabika kwa vidole: ukoo wa Oedipus kule Thebes, ukoo wa Agamemnon kule Argos, na nyingine mbili tatu ambazo watu wake waliuana, walioana au walilana kwa bahati mbaya. Watazamaji wanazijua hadithi hizo tangu wakiwa wanabebwa mgongoni. Hiyo ni nafuu yako, maana huna haja ya kumtambulisha mtu. Ukisema tu jina Oedipus, uwanja mzima umeshashuka stendi pamoja na wajomba.

Na ole wako ukiandika habari za juzi. Mshairi Phrynichus alijaribu. Waajemi walikuwa wameuteka Miletus, mji wa ndugu wa Waathens, mwaka 494 KK, naye akautungia tanzia machozi ya watu yakiwa hayajakauka. Uwanja mzima ulilia. Mwandishi mwingine angeona huo ni ushindi. Waathens walimtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, na wakapiga marufuku mchezo huo usionyeshwe tena. Aeschylus alikuwa mjanja zaidi. Alipotaka kuandika vita ya Salamis, miaka minane baada ya kupiganwa, alikwenda kuweka matanga upande wa pili, Uajemi, akawafanya maadui ndio waliao. Watu wakalia kwa raha zao na faini hakutozwa.

Tuje kwenye waigizaji. Unao watatu. Najua tamthilia yako ina mfalme, malkia, mwaguzi, mchungaji, mjumbe na shemeji wa mfalme. Unao watatu. Wote ni wanaume, wote wamevaa barakoa za kitambaa zinazofunika kichwa kizima, na kila mmoja atatoka, atabadilisha uso, atarudi akiwa mtu mwingine. Wala usilalamike, kwa sababu wazee walipata shida kuliko wewe: kwa maelezo ya mwanafalsafa Aristotle, Aeschylus ndiye aliyeleta mwigizaji wa pili, na Sophocles akaleta wa tatu. Kabla yao alikuwepo mmoja, akijibizana na kwaya kama shehe na wanafunzi wake.

Umaskini huu ndio uliozaa hila nzuri kuliko zote, na hapa naomba tukae kidogo.

Mwaka 458 KK, kwenye tamthilia ya Aeschylus, Agamemnon anarudi kutoka Troy na mateka kwenye gari lake, Cassandra, binti wa mfalme aliyeshindwa. Mke wa Agamemnon, ambaye ameshanoa silaha, anamwamuru binti huyo ashuke aingie ndani. Kimya. Anamwamuru tena. Kimya. Watazamaji wanahesabu kwa vidole: malkia mmoja, mfalme wa pili, basi huyu wa garini ni sanamu tu, mtu wa kujaza nafasi asiye na maneno. Malkia anachoka, anaingia ndani. Mistari karibu 300 imepita tangu binti aletwe. Ndipo anapofungua mdomo, na kinachotoka kwanza ni kilio kisicho na neno. Kumbe ndiye wa tatu! Aeschylus alikuwa ameazima ugunduzi wa kijana Sophocles, akauficha mbele ya macho ya watu wote.

Halafu akarudia siku hiyo hiyo, kwenye tamthilia iliyofuata. Orestes, mwana wa Agamemnon, amemshikia mama yake upanga na mkono umekuwa mzito. Anamgeukia rafiki yake Pylades, ambaye ametembea naye tangu mwanzo bila kusema hata "karibu". Pylades anasema mistari mitatu. Mitatu tu, kisha hasemi tena hadi mwisho. Mama anaingizwa ndani kuuawa. Kila mwandishi anayedhani mhusika wake anahitaji kurasa nne za hotuba akamtazame Pylades.

Kuhusu nani achanganyiwe na nani, tumia busara. Kwenye moja ya tamthilia za mwisho za mshairi Euripides, mfalme Pentheus anararuliwa na wanawake waliopandwa na wazimu wa Dionysus, mama yake akiwa mbele yao. Mama anarudi mjini akishangilia na kichwa mkononi. Anadhani ni cha simba. Hesabu za waigizaji zinaonyesha kwamba mama na mwana huenda walichezwa na mtu mmoja, na kichwa ambacho mama alibeba kikawa ile barakoa ambayo mwigizaji huyo alikuwa ameivaa usoni muda mfupi nyuma. Hilo halikuhitaji fedha ya tajiri.

Sasa umbo. Anza na utangulizi: mtu mmoja au wawili wanaeleza shida iko wapi. Kisha kwaya inaingia ikiimba na kucheza, watu 12 zamani, 15 tangu Sophocles, na ikishaingia kwa kawaida haitoki tena mpaka mwisho. Baada ya hapo ni zamu kwa zamu: wanaongea, kwaya inaimba, wanaongea, kwaya inaimba, kisha kutoka. Mshairi wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba wenzake walibanwa na mizani kama yeye, ila vina hawakuvijua, na mizani waliipima kwa silabi ndefu na fupi. Mazungumzo yalikwenda kwa mstari wa silabi 12 kwa kawaida. Mambo yakichacha, wahusika wanajibizana mstari kwa mstari, huyu mmoja, yule mmoja, kama watu wanaorushiana vijembe kwenye taarabu. Usiwape mistari miwili. Mistari miwili ni maelezo. Mmoja ni kijembe.

Kwaya ndiyo itakayokutesa, maana inakaa uwanjani muda wote, inaona kila kitu, na haifanyi lolote. Lazima uwe na sababu kwa nini isifanye. Njia iliyozoeleka ni kuwafanya wazee sana, au wanawake wa jirani, au watumwa. Aeschylus alikwenda mbali zaidi. Agamemnon anapigwa ndani, anapiga kelele kwamba anauawa. Nje wamesimama wazee 12 wa mji. Je, wanakimbilia mlangoni? Wanafungua kikao. Mmoja anapendekeza waite raia. Mwingine anasema waingie sasa hivi, damu ikiwa bado inachuruzika. Wa tatu anaunga mkono hoja. Mwingine anasema tunapoteza wakati. Mwingine anakiri hajui aseme nini, akalisema hilo. Mwingine anakumbusha kwamba maneno hayamfufui marehemu. Wazee 12, kila mmoja mistari miwili, hakuna aliyekatizwa. Wanapofikia mwafaka kwamba kwanza ipatikane taarifa kamili kuhusu hali ya mfalme, mlango unafunguka na mfalme yuko pale, amelala. Aliyewahi kuketi kwenye kamati yoyote hatasema kwamba Wagiriki ni wa zamani.

Mlango huo ni muhimu. Kuua ni ndani, kuonyesha ni nje. Jukwaani damu haimwagwi, au ni nadra mno, na wala si kwa sababu ya adabu pekee. Upanga wa mbao ukimchoma mtu aliyevaa barakoa ni kichekesho. Kwa hiyo unajenga kibanda nyuma chenye mlango mkubwa, na unavyo vifaa viwili. Cha kwanza ni jukwaa dogo la magurudumu, mkokoteni hasa, unaosukumwa nje na maiti juu yake. Cha pili ni mjumbe.

Mjumbe mpe mistari mingi na mizuri kuliko mfalme. Asiwe na jina. Awe mtumishi au mpita njia, mtu aliyekuwepo, aliyeona kwa macho yake, na ambaye kwa maisha yake yote atakumbukwa kwa hotuba hii moja. Na aanze na vitu vidogo. Mjumbe wa Oedipus hasemi kwamba nyumba imeangamia kisha akakaa. Anasimulia jinsi malkia alivyokimbilia chumbani na kuifunga milango, jinsi mfalme alivyozunguka akidai upanga, jinsi milango ilivyosukumwa bawaba zikang'oka, na ndani malkia ananing'inia. Halafu bizimu. Zile bizimu za dhahabu zilizoshika vazi la mkewe, mfalme anazichomoa na kuzitumia machoni mwake, mara nyingi. Bila bizimu, yote hayo ni tangazo tu.

Kuhusu mfalme mwenyewe: asiwe mtu mbaya, maana watu watashangilia, asiwe malaika, maana watamkasirikia Mungu badala ya kukusikiliza wewe. Awe mtu wa kawaida kwa tabia na mkubwa kwa cheo, aanguke kwa hamartia. Neno hili limewatesa watafsiri wa Ulaya kwa karne nyingi. Mara dhambi, mara kasoro ya tabia. Sisi hatuna shida nalo. Mgiriki aliyerusha mshale ukapita pembeni alitumia kitenzi cha neno hilo hilo, na Mswahili naye husema mshale umekosa. Hamartia ni kosa, basi. Oedipus alilenga kumkimbia baba, akakosa. Akampiga mzee mmoja njia panda.

Anayetupa kanuni hizi ni Aristotle, na ni vizuri ujue kwamba alizaliwa mwaka 384 KK, Sophocles na Euripides wakiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 20. Ni kama mtu aliyesoma albamu ya picha za harusi akaandika kanuni za kuoa. Msome, lakini usimruhusu aingie mazoezini.

Kinachompendeza zaidi, na hapa ana haki, ni pale mgeuko wa mambo na kutambuana vinapogongana mahali pamoja. Mjumbe anafika kutoka Corinth na habari njema: mzee wako amefariki, njoo utawale. Oedipus anashusha pumzi, maana aliaguliwa kwamba atamuua baba yake, na baba amejifia kitandani. Bado anaogopa sehemu ya pili ya ule uaguzi, ya kumwoa mama. Mjumbe, mtu mwema anayetarajia bakshishi, anamtuliza: usiogope, wale hawakuwa wazazi wako, nilikupokea mimi mwenyewe mlimani, ukiwa mchanga, umetobolewa vifundo vya miguu. Jocasta, mkewe, aliyesimama pembeni, ameshafika kwenye maturubai. Anamwomba mumewe aache kuuliza. Mumewe anadhani anaona aibu kwamba ameolewa na mtoto wa mtumwa. Anaitwa mchungaji mzee, anakataa kusema, anapindwa mikono nyuma, anasema. Hakuna hata mmoja aliyekuja na nia mbaya.

Njia nyepesi za kutambuana ziache. Aeschylus alimfanya Electra amtambue kaka yake Orestes kwa shungi la nywele na alama za nyayo zilizolingana na zake. Miaka kadhaa baadaye Euripides alimwandika Electra wake akauliza, kwa ukavu kabisa, mguu wa mwanamume na wa dada yake utalingana vipi? Mwenzako atakusahihisha mbele ya mji mzima, na hakuna wa kumshitaki.

Ukishafunga mafundo mpaka hayafunguki, ipo winchi. Ni mashine halisi, ya mbao na kamba, ya kumpandisha mungu juu ya kibanda. Euripides aliipenda mno. Mwishoni mwa Orestes, kijana huyo yuko juu ya paa, amemwekea msichana Hermione upanga shingoni, rafiki zake wameshika mienge ya kuchoma nyumba, baba wa msichana anapiga kelele chini. Hakuna mwandishi anayeweza kutoka hapo kwa miguu. Anatokea Apollo na kutoa maelekezo: upanga uteremshwe, na huyo uliyemshikia upanga, utamwoa. Orestes anakubali. Baba mtu naye anakubali. Sijaona mahari iliyopatanwa kwa kasi hiyo.

Tamthilia hiyo hiyo, mwaka 408 KK, inakupa onyo la mwisho: chunga matamshi. Orestes anatoka kwenye kichaa na anatakiwa aseme kwamba baada ya dhoruba anaona bahari shwari. Mwigizaji Hegelochus aliishiwa pumzi mahali pabaya, sauti ikapotoka, na neno la shwari likageuka jina la mnyama. Ijue tu tofauti ya barabara unayopita na barabara ya "sawa kabisa", utaelewa jinsi nusu ya silabi inavyoweza kumzika mtu. Mbele ya Athens nzima, mfalme mtarajiwa, akitetemeka kwa majonzi, alitangaza kwamba anaona kicheche. Miaka mitatu baadaye mtunzi wa vichekesho Aristophanes alikuwa bado anamchekea jukwaani. Kati ya maneno yote ambayo Hegelochus aliyatamka sawasawa maishani, halijabaki hata moja.

Baada ya tanzia zako tatu, usisahau ile ya nne, yenye walevi nusu watu nusu farasi. Ni wajibu. Watu wamelia tangu asubuhi na hawawezi kurudishwa nyumbani hivyo.

Kisha waamuzi kumi, mmoja kwa kila kabila la mji, wanaandika kura zao na kuzitia ndani ya chungu. Kwa kawaida zilichomolewa tano tu, ili bahati nayo ipate sauti. Usiwategemee. Mwaka 431 KK Euripides alileta Medea, mwanamke anayewaua wanawe na kuondoka juu angani kwenye gari la babu yake Jua, na akawa wa tatu kati ya watatu. Mwaka mwingine Sophocles naye akaleta mfalme wake Oedipus, yule yule ambaye Samuel Mushi alitutafsiria mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Siku hiyo Sophocles alikuwa wa pili. Shada lilikwenda kwa Philocles, mpwa wa Aeschylus, aliyeandika tamthilia nyingi sana. Haijabaki hata moja nzima.